Nahodha Slocum na Mkewe Hettie

Ndugu msomaji, je, umewahi kukwama ugenini bila nauli? Labda ulikwenda mjini kumuuguza ndugu, fedha zikakwisha, ukabaki unalitazama basi likiondoka bila wewe. Kama yamekukuta hayo, basi utamwelewa vizuri mtu ambaye nataka kukusimulia habari zake. Yeye alikwama mbali na kwao zaidi ya maili 5,000. Tena hakuwa peke yake. Alikuwa na mke na watoto wawili.

Mtu huyo aliitwa Joshua Slocum. Alikuwa nahodha wa merikebu za matanga. Mabaharia wa nchi nyingi wanalijua jina lake mpaka leo, kwa sababu yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeizunguka dunia yote kwa mashua akiwa peke yake. Alifanya hivyo tangu mwaka 1895 mpaka mwaka 1898. Safari hiyo ndiyo inayosifiwa sana. Lakini miaka saba kabla ya hapo alikwenda safari nyingine, na katika safari hiyo alikuwa na mkewe, Hettie. Watu wengi hawaijui. Hiyo ndiyo nitakayokusimulia zaidi.

Mtoto wa fundi viatu

Joshua alizaliwa tarehe 20 Februari, 1844, katika jimbo la Nova Scotia, nchini Kanada. Nchi hiyo ina baridi kali, na watu wake wengi walikuwa wakulima na wavuvi. Baba yake alikuwa na shamba, lakini shamba halikutosha kuilisha familia kubwa. Basi wakahamia kisiwani, baba akaanza kazi ya kutengeneza viatu vya wavuvi.

Joshua alisoma shule miaka michache tu. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, baba yake alimtoa shuleni amsaidie kazi ya ngozi. Mtoto hakuipenda kazi ile. Alipenda bahari. Inasimuliwa kwamba siku moja alijificha akichonga merikebu ndogo ya mti. Baba akamkuta, akaichukua ile merikebu na kuivunjavunja. Alipofika miaka 14 alitoroka akawa mpishi katika mashua ya wavuvi. Hakujua kupika. Haikuchukua muda akarudi nyumbani.

Mwaka 1860 mama yake alifariki. Joshua alikuwa na miaka 16. Sasa hapakuwa na kitu cha kumzuia nyumbani, akaondoka kabisa na kuingia ubaharia.

Hapa nataka uangalie jambo moja. Mtu huyu aliacha shule akiwa mtoto. Mwanamaji wa kawaida hahitaji vitabu, lakini nahodha anahitaji. Nahodha lazima ajue kusoma ramani, kupima jua na nyota, na kupiga hesabu ili ajue chombo kiko wapi. Joshua alijisomesha mwenyewe baharini, saa ambazo wenzake walikuwa wakipumzika. Kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa amefaulu mtihani wa Uingereza wa maofisa wa merikebu. Baadaye alichukua uraia wa Marekani, na alipofika miaka 25 hivi akapewa chombo chake cha kwanza kukiongoza.

Mwaka 1871, katika mji wa Sydney, Australia, alimwoa Virginia Walker. Virginia hakubaki nchi kavu kumngoja mume. Alipanda merikebuni, akaishi humo miaka 13. Watoto wao walizaliwa safarini, wengine bandarini, wengine katikati ya bahari. Walizaa watoto saba, na wanne ndio waliokua. Walifika China, Japani na Ufilipino. Huko Ufilipino Slocum aliwahi kukaa na familia yake ufukweni akiunda chombo kwa mkataba. Ukumbuke kazi hiyo, maana itamfaa baadaye.

Hatimaye alinunua merikebu iliyoitwa Aquidneck. Ilikuwa nzuri na yenye mwendo. Lakini mwezi wa Julai 1884, merikebu ikiwa katika bandari ya Buenos Aires, nchini Argentina, Virginia aliugua akafa humo humo chomboni. Wanawe walisema baadaye kwamba tangu siku ile baba yao hakuwa mtu yule yule.

Hettie

Mwezi wa Februari 1886 Slocum alioa tena. Mke wa pili aliitwa Henrietta Elliott, lakini watu walimwita Hettie. Alikuwa binamu yake. Slocum alikuwa na miaka 42, Hettie alikuwa na miaka 24. Kazi yake ilikuwa kushona nguo. Hakuwa binti wa bahari kama Virginia.

Siku chache baada ya arusi wakatweka matanga kwenda Amerika ya Kusini. Walikwenda pamoja na watoto wawili wa Virginia, Victor, ambaye alikuwa kijana, na Garfield, ambaye alikuwa bado mdogo. Hata wiki haikuisha, dhoruba kubwa ikawapiga na merikebu ikaanza kuvuja. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Bi arusi aliyezoea sindano na kitambaa, fungate yake ni mawimbi na sauti za wanaume wanaopiga pampu usiku kucha.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Baadaye walipakia majani makavu ya mifugo huko Argentina ili wayapeleke Brazil. Kipindupindu kikazuka Argentina. Walipofika Brazil, wakubwa wa huko wakawafukuza wasitie nanga, wakarudi walikotoka na kungoja miezi. Hasara juu ya hasara. Kisha mwezi wa Julai 1887, wakiwa wametia nanga katika bandari ya Antonina, nchini Brazil, Hettie alisikia usiku nyayo za watu sitahani. Alimwamsha mumewe. Slocum akatoka na bunduki, akakuta baadhi ya mabaharia wake wamekuja kwa shari. Wakamvamia. Aliwapiga risasi wawili, na mmoja akafa. Slocum alishitakiwa, na mahakama ikaona kwamba alikuwa anajitetea, ikamwachilia.

Sitaki kuificha habari hii, maana mtu husimuliwa pamoja na magumu yake. Slocum alikuwa nahodha mkali wa enzi za manahodha wakali.

Baada ya kesi alipata mabaharia wengine. Ndui ikaingia chomboni na kuwaua kadhaa. Na mwishoni mwa mwaka 1887, katika ghuba ya Paranagua, upepo na mkondo wa maji viliisukuma Aquidneck juu ya fungu la mchanga. Mawimbi yaliipiga mpaka mgongo wake ukavunjika. Merikebu haikuwa na bima. Slocum aliuza mabaki yake, akawalipa mabaharia mishahara yao, nao wakaenda zao.

Wakabaki wanne ufukweni, baba, mama na watoto wawili.

Mashua iliyoitwa Uhuru

Slocum angeweza kwenda kwa balozi wa Marekani na kuomba arudishwe kwao kama watu waliovunjikiwa chombo. Hakutaka. Alikuwa nahodha mwenye merikebu yake, na hakutaka kurudi kama mzigo uliookotwa. Unaweza kusema hicho kilikuwa kiburi. Mimi pia nafikiri kiburi kilikuwemo. Alikuwa na mke kijana na mtoto wa miaka sita, na fedha hakuwa nazo. Lakini kichwani alikuwa na ufundi, na pale ufukweni palikuwa na msitu wenye miti mizuri. Akaamua kuunda mashua ya kuwarudisha nyumbani.

Kama wewe ni fundi seremala, utapenda kujua vyombo vyake vya kazi. Alikuwa na shoka moja, tezo moja, misumeno miwili na keekee chache. Walikuwa na sindano mbili kubwa za kushonea matanga. Walizinoa wakazifanya keekee za kutobolea matundu ya misumari. Walipata pia tupa moja ndani ya mfuko mzee wa matanga uliotupwa na maji ufukweni. Tupa hiyo waliiona kama dhahabu. Chaki ya kupigia mstari hawakuwa nayo, basi walitwanga mkaa ukawa unga, wakauchanganya na maji, wakauchovya uzi humo. Bikari ya kuchorea duara waliitengeneza kwa vijiti viwili vya mwanzi.

Misumari na vyuma vilitoka kwenye merikebu iliyovunjika. Sarafu za shaba walizitoboa wakazifanya vibati vya kushikia misumari. Miti walikata msituni. Chini ya mashua walitia mbao ngumu, na juu wakatia mbao nyepesi za mwerezi. Mashua yoyote ya mbao lazima ikalafatiwe, yaani lazima nafasi kati ya mbao na mbao zizibwe ili maji yasiingie. Mafundi wetu wa pwani hutumia pamba na mafuta. Akina Slocum walitumia nyuzi za magome ya miti, wakapaka na ulimbo wa msonobari.

Victor ndiye aliyekuwa seremala msaidizi na msokota kamba. Na matanga je? Matanga aliyashona Hettie. Yule mshona nguo aliyetoka mjini sasa alikaa mchangani na turubai magotini, akishona matanga ya kuwapeleka wanawe wa kufikia nyumbani. Mumewe alikuwa baharia wa miaka karibu 30 na aliyajua matanga. Baadaye katika kitabu chake aliyasifu matanga yale.

Mashua ilikuwa na urefu wa futi 35, yaani mita 10 na nusu hivi. Upana wake ulikuwa futi 7 na nusu, na kina chake futi 3 tu. Umbo lake lilikuwa la mchanganyiko. Kiwiliwili kilifanana kidogo na mashua za wavuvi wa Marekani na kidogo na sampani za Japani. Matanga yalikuwa ya Kichina. Tanga la jahazi la pwani yetu ni nguo tupu iliyofungwa kwenye foromali. Tanga la Kichina hutiwa vijiti vya mwanzi kutoka upande mmoja hadi wa pili, moja juu ya jingine. Upepo ukizidi, unalegeza kamba moja tu, nalo linajikunja kama mkeka. Kwa chombo chenye watu wachache hakuna tanga jepesi kuliko hilo. Slocum alikuwa ameliona China miaka mingi kabla.

Pembeni mwa mashua walifunga mianzi minene, ili ikijaa maji isizame upesi. Katikati walijenga kibanda kidogo cha mianzi, wakakifunika kwa turubai. Hiyo ndiyo nyumba yao.

Waliiteremsha majini tarehe 13 Mei, 1888. Siku hiyo hiyo, katika mji mkuu wa Brazil, sheria ya kufuta utumwa ilitiwa sahihi. Brazil ilikuwa nchi ya mwisho katika bara la Amerika kufanya hivyo. Mamia ya maelfu ya watu weusi wakawa huru. Miongoni mwao walikuwamo wana na wajukuu wa watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Angola, Kongo na hata pwani ya Msumbiji, jirani zetu hapa. Slocum akaipa mashua yake jina la Liberdade. Neno hilo ni la Kireno, na maana yake ni Uhuru.

Kibali cha kuvua samaki

Kila chombo kinachotoka bandarini lazima kiwe na karatasi. Wewe pia unajua habari za karatasi na maofisi. Slocum aliomba karatasi za safari. Wakubwa wa forodha wakaitazama mashua ile, wakakataa. Haikuwa merikebu, wala haikuwa ngalawa. Iandikwe nini?

Slocum hakubishana. Akaomba kibali cha kuvua samaki nje ya ghuba, akakipata. Kibali kilimruhusu kwenda kuvua baharini. Hakikusema lazima arudi.

Chakula chao tunakijua kwa sababu alikiandika. Walipakia biskuti za baharini kilo 54 hivi, nyama kavu kilo 45, unga, sukari, kahawa, nyama ya nguruwe na samaki wakavu. Walikuwa na machungwa 200, mikungu sita ya ndizi, kikapu cha viazi vikuu, miwa kumi na miwili, chupa mbili za asali, na maji ya kunywa lita 450. Dawa zao zilikuwa pilipili na mdalasini. Walikuwa pia na bunduki mbili, risasi zake, na mapanga matatu.

Tarehe 24 Juni, 1888, wakang'oa nanga.

Baharini

Mambo hayakuanza vizuri. Mara tu baada ya kutoka, dhoruba iliwakuta ikayararua matanga. Hebu fikiria moyo wa Hettie alipoiona kazi ya mikono yake inapepea vipande vipande. Wakakokota mpaka bandari ya Santos.

Kutoka Santos mpaka Rio de Janeiro walisaidiwa. Nahodha mmoja wa meli ya moshi alikubali kuwavuta kwa kamba. Hettie na Garfield walipanda melini. Slocum alibaki katika mashua akishika usukani, na Victor alikaa mbele ameshika shoka. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuikata kamba kama mashua ingeelekea kuzama. Meli ilikwenda mbio, na mashua ndogo iliruka juu ya mawimbi nyuma yake kama kopo lililofungwa kwenye mkia wa mbwa. Wakafika salama. Nafikiri Hettie, aliyekuwa sitahani akitazama nyuma, ndiye aliyeona tabu zaidi kuliko wao.

Rio walipata karatasi halali za safari, na mashua ikatengenezwa vizuri zaidi. Toka hapo walifuata pwani ya Brazil kwenda kaskazini. Katika pwani hiyo nyangumi alikuja chini ya mashua akaitikisa. Nyangumi mkubwa huwa na urefu mara mbili ya mashua ile. Angeipiga kwa mkia, habari ingeishia hapo. Lakini alikuwa anacheza tu, akaenda zake.

Walipita Bahia, wakafika Pernambuco, pale pembeni ambapo Brazil inachomoza kuelekea Afrika. Kisha wakaiacha nchi kavu nyuma, wakaelekea kisiwa cha Barbados. Hapo ndipo penye maji makubwa. Zaidi ya maili 2,000 bila kutia nanga.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunazo pepo mbili, kaskazi na kusi, zinazopokezana kwa majira. Katika sehemu hiyo ya Atlantiki upepo hauna kupokezana. Unavuma kutoka upande wa mashariki karibu mwaka mzima, na mkondo wa bahari unakwenda upande huo huo. Kwa hiyo mashua ilisukumwa na upepo na kubebwa na maji. Slocum na Victor walipokezana usukani mchana na usiku. Usiku samaki wa kuruka waliangukia ndani, asubuhi wakapikwa.

Hebu kaa kidogo uwafikirie. Watu wanne wako katika chombo ambacho upana wake ni mdogo kuliko chumba chako cha kulala. Hakuna mahali pa kusimama wima ndani ya kibanda. Nguo zina chumvi, godoro lina unyevu. Mtoto anauliza lini watafika. Na Hettie ameolewa kwa miaka miwili na nusu tu, na katika muda huo ameona dhoruba, kipindupindu, damu, ndui na kuvunjikiwa chombo. Sasa anavuka bahari kuu juu ya mbao alizoziona zikichongwa na kwa matanga aliyoyashona. Slocum aliandika kwamba mkewe alikuwa jasiri. Ni kweli. Lakini kitabu aliandika mume. Hettie hakuandika.

Walifika Barbados salama. Walikaa hapo kwa muda, maana majira yale ni ya vimbunga katika visiwa vya Karibi. Mwezi wa Oktoba wakaendelea, wakapita Puerto Rico, na mwishoni mwa mwezi huo wakaiona nchi ya Marekani mbele yao, pwani ya jimbo la South Carolina. Walikuwa wamekwenda zaidi ya maili 5,500. Hiyo ni zaidi ya mara saba ya njia ya Dar es Salaam mpaka Mwanza. Ukihesabu siku za mwendo tu, bila za kupumzika bandarini, hazikufika miezi miwili.

Kutoka hapo walipita ndani kwa ndani kwa mito na ghuba, wakiwa mbali na mawimbi makubwa. Wenyeji waliwatazama kwa mshangao, wakawapokea. Tarehe 27 Desemba, 1888, Liberdade ilitia nanga Washington, mji mkuu wa Marekani. Walikaa humo mpaka baridi ikapungua, na mwaka 1889 wakafika Boston, kwa ndugu zao.

Aliyebaki na aliyekwenda

Slocum aliandika kitabu juu ya safari hiyo, akakichapisha mwaka 1890 kwa fedha zake mwenyewe. Ndiyo, yule mtoto aliyetolewa shuleni. Kitabu hakikuuzwa sana. Na kazi hakupata. Wakati huo meli za moshi zilikuwa zimeshika bahari, na nahodha wa matanga alikuwa kama dereva wa gari la ng'ombe penye malori.

Mwaka 1892 rafiki mmoja mzee alimwahidi kumpa chombo. Slocum alipokwenda kukichukua, alikuta mashua mbovu iliyokaa shambani miaka mingi. Rafiki alikuwa anamtania. Slocum hakuona mzaha. Alikata mwaloni, akaiunda upya ubao kwa ubao kwa miezi 13. Fedha alizotumia zilikuwa dola 553 na senti 62. Mashua hiyo iliitwa Spray.

Inasimuliwa kwamba Hettie alipoulizwa kama ataingia Spray kwenda safari, alijibu kwamba safari aliyokwenda inamtosha. Hakupanda tena mashua kuvuka bahari na mumewe. Je, unaweza kumlaumu? Wapo waandishi waliomlaumu, wakisema kwamba Virginia angekwenda. Mimi sioni haki katika maneno hayo. Virginia alifia chomboni. Hettie alifanya kazi yake pale ilipokuwa lazima. Alishona matanga, akawapikia watu, akawarudisha watoto ambao hakuwazaa. Baada ya hapo alichagua nchi kavu.

Basi Slocum akaenda peke yake. Aliondoka Boston tarehe 24 Aprili, 1895. Katika safari hiyo alipita Bahari ya Hindi, akatia nanga Mauritius, kisha Durban na Cape Town, kwa hiyo alipita kusini mwetu. Alirudi Marekani tarehe 27 Juni, 1898, akiwa amekwenda maili 46,000. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1900, na hicho kilisomwa sana, mpaka leo kinasomwa. Kwa fedha zake alinunua shamba mwaka 1902 katika kisiwa cha Martha's Vineyard, nchini Marekani.

Hettie alilipenda shamba. Slocum hakuweza kukaa. Kila baridi ilipokaribia alitweka matanga kwenda visiwa vya joto, na majira ya joto akarudi. Miaka kumi hivi baada ya safari yake kubwa, mwezi wa Novemba, aliondoka katika kisiwa kile akiwa ndani ya Spray. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60. Hakujua kuogelea; hakupata kujifunza maisha yake yote. Hakuonekana tena, wala ubao wa mashua yake haukuokotwa.

Hettie alibaki kisiwani akingoja. Mwaka 1924 sheria ikamhesabu Joshua Slocum kuwa amekufa.